Rafiki Asiye na Mkeka: Huzuni ya Kijana Aliyefiwa na Mwenzake kwa Kujiua, na Nafasi ya Hadithi katika Kumtunza

Malengo ya somo. Baada ya kusoma makala haya, mhudumu wa afya ataweza kumtambua kijana mwenye huzuni ya aina hii, kumwuliza maswali yanayofaa, na kutumia hadithi fupi kuanzisha mazungumzo. Msomaji aliyefiwa ataweza kuyaelewa yanayompata na kujua pa kwenda.

Kwa msomaji mwenye maumivu. Ikiwa wewe mwenyewe una mawazo ya kujiua, usisubiri kumaliza kusoma. Mwambie sasa mtu mmoja unayemwamini, nenda kituo cha afya kilicho karibu, au piga simu 199 ya Wizara ya Afya. Mtoto, au mtu anayempigia kwa niaba yake, anaweza kupiga 116. Kupiga namba hizi ni bure.

Utangulizi

Katika nyanda za juu za Mbulu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, msiba una mpangilio wake. Wazazi na ndugu wa marehemu hukaa mkekani. Majirani huleta kuni, maji na unga. Vijana huchimba kaburi, wanakwaya huimba, na kila anayefika hujua ni nani wa kupewa mkono wa pole. Mpangilio huo ni sehemu ya tiba, kwa kuwa humwambia mfiwa kwamba hasara yake imeonekana na kwamba hatabaki peke yake.

Lakini yupo mfiwa mmoja ambaye mpangilio huo haumwoni. Huyo ni kijana aliyekaa dawati moja na marehemu, akachunga naye ng'ombe, akaijua siri yake ya kwanza na mzaha wake wa mwisho. Si ndugu, kwa hiyo hana mkeka. Si mtu mzima, kwa hiyo hana neno katika kikao. Hutumwa maji, naye huenda. Na pale kifo kinapokuwa cha kujiua, hata pole ndogo ambayo angeipata hugeuka kuwa swali: "Wewe si ulikuwa rafiki yake? Hukujua?"

Makala haya yanamhusu kijana huyo. Yameandikwa kwa kuzingatia mazingira ya Tlawi, kata ya Mbulu iliyo jirani na ziwa lenye jina hilohilo, pamoja na maeneo ya Hanang, ambako shule, kanisa, shamba na zizi ndivyo vinavyoujenga urafiki wa vijana. Hoja yake ni moja: kijana huyu ni mfiwa kamili, na anahitaji kupewa mahali pa kukaa na maneno ya kusema. Mhudumu wa afya anaweza kumpa vyote viwili, na hadithi nzuri inaweza kumsaidia katika kazi hiyo.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufariki kwa kujiua kila mwaka. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu kwa wingi wa vifo. Takriban asilimia 73 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2018 ulikadiria kwamba kila kifo cha namna hii huwagusa watu wapatao 135 waliomfahamu marehemu. Si wote hao watakaougua, lakini hesabu hiyo inatukumbusha kwamba mkekani huwa wamekaa wachache tu kati ya walioumia.

Mtaalamu wa masuala ya huzuni, Kenneth Doka, alilipa jambo hili jina mwaka 1989. Aliita huzuni isiyotambuliwa, yaani huzuni ambayo jamii haimpi mtu haki ya kuionyesha, ama kwa sababu uhusiano wake na marehemu hauhesabiwi, ama kwa sababu namna ya kifo inaonewa aibu. Rafiki wa kijana aliyejiua hubeba sababu zote mbili kwa pamoja.

Kwa nini huzuni hii ni ya pekee

Kila msiba una machozi, lakini huu una mambo manne ya ziada.

La kwanza ni swali la "kwa nini", ambalo haliishi. Kijana hurudia siku za mwisho moja moja, akitafuta neno alilopaswa kulisikia. La pili ni hatia. Baada ya kifo, kila kitu hugeuka kuwa ishara, naye hujihukumu kwa ujuzi ambao siku ile hakuwa nao. La tatu ni hasira dhidi ya marehemu, ambayo huona haya kuitamka kwa kuwa amefundishwa kutomsema vibaya aliyelala. La nne ni wazo la kumfuata mwenzake. Hili ndilo la hatari zaidi, na ndilo linalofichwa zaidi.

Vijana wengi hawaji kituoni wakisema wana huzuni. Huja na maumivu ya tumbo, kichwa kizito, mapigo ya moyo kwenda mbio au kukosa usingizi. Wengine hushuka masomoni, huanza kunywa pombe, au huacha kwenda mazoezi ya kwaya. Mhudumu anayetibu tumbo peke yake atamwona kijana huyo tena na tena.

Maneno, mila, sheria na dini

Maneno tunayoyatumia hufungua au hufunga mdomo wa mfiwa. Inafaa kusema "amefariki kwa kujiua", bila kuitaja njia. Usiseme mtu "alifanikiwa" kujiua, wala kwamba mwingine "alijaribu bila mafanikio", kwani kifo si ufanisi. Usisimulie kwa undani jinsi ilivyotokea, iwe darasani, mimbarani au katika kundi la simu.

Upande wa mila, watafiti wa utamaduni wa Wairaqw wameandika juu ya metimani, desturi ya zamani ambayo kwayo mtu au nyumba iliyoguswa na aina fulani za vifo au mikosi ilitengwa na majirani kwa muda. Hata pale desturi hiyo inapopungua nguvu, kivuli chake kinaweza kubaki: watu huikwepa nyumba iliyopata kifo kigumu, na huwazuia watoto wao wasikae na rafiki wa marehemu. Lakini Wairaqw hao hao wanayo slufay, ushairi wa sala na baraka ambao mzee huusema huku waliohudhuria wakimwitikia. Jamii hii, basi, inayo njia ya kutenga na inayo njia ya kukusanya. Mhudumu mwenye busara hatazibeza mila. Atawaendea wazee na kuomba ile ya pili itumike, na kijana aitwe miongoni mwa wanaoitikia.

Upande wa sheria, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Hofu ya kifungu hicho huwafanya wengi wanyamaze. Ni vema kijana aambiwe wazi kwamba kuwa na mawazo, au kuyasema kwa mhudumu, si jaribio. Nchi jirani zinaendelea kulitazama upya jambo hili. Mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kinachofanana na hicho katika sheria ya nchi hiyo kinapingana na Katiba.

Upande wa dini, wazee wengi wanakumbuka wakati ambapo aliyejiua alinyimwa mazishi ya kanisa. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 hazimtaji tena miongoni mwa wanaonyimwa mazishi hayo, na Katekisimu ya mwaka 1992 inawaonya waamini wasikate tamaa juu ya wokovu wake. Kwa eneo lenye Wakatoliki wengi kama Mbulu, habari hii ni faraja kubwa, na padre au katekista anayeisema kaburini humsaidia mfiwa kuliko anavyodhani.

Hadithi hudhuru, hadithi huponya

Kwa nini tuzungumzie hadithi katika jarida la afya? Kwa sababu kijana asiyeweza kusema "mimi" anaweza kusema "yule wa kwenye kitabu". Hata hivyo, si kila hadithi inafaa.

Mwaka 1774 mwandishi Mjerumani Goethe alitoa riwaya juu ya kijana Werther anayejiua kwa sababu ya mapenzi. Riwaya hiyo ilihofiwa kuwavuta vijana kuiga, ikapigwa marufuku katika mji wa Leipzig. Karne mbili baadaye, mwaka 1974, mtafiti David Phillips alionyesha kwamba vifo vya kujiua huongezeka baada ya magazeti kuvitangaza kwa kishindo, akaliita jambo hilo athari ya Werther. Mwaka 2010 watafiti wa Austria walionyesha upande wa pili: habari za mtu aliyefikia ukingoni kisha akapata njia ya kuendelea kuishi ziliambatana na kupungua kwa vifo. Waliita athari ya Papageno, kwa jina la mhusika wa opera ya Mozart anayeokolewa na wenzake wanaomkumbusha kwamba ipo njia nyingine.

Riwaya ya vijana ya Jay Asher, Thirteen Reasons Why, iliyotoka Marekani mwaka 2007, inatufundisha jambo jingine. Ndani yake msichana aliyejiua anaacha kanda zinazomweleza kila mwenzake sehemu yake katika kifo hicho. Ilipotengenezwa kuwa tamthilia ya Netflix mwaka 2017, wataalamu wengi walilalamika, na mwaka 2019 onyesho la kifo chenyewe likaondolewa. Kwa mfiwa, tatizo halipo katika onyesho hilo peke yake. Lipo pia katika wazo kwamba marafiki ndio sababu. Kijana mwenye hatia akisoma hivyo, huona hukumu yake imethibitishwa.

Nasi katika Kiswahili tunazo riwaya zilizoligusa jambo hili kwa ujasiri. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974. Katika zote mbili mhusika mkuu, aliye kijana, anajiua. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa. Ni kazi kubwa za fasihi, nazo zinaonyesha kwamba maumivu ya kijana hutokana na malezi, umaskini, aibu na upweke. Lakini zinamfuata zaidi yule anayekufa. Rafiki anayeamka kesho yake na kwenda shule hana nafasi kubwa ndani yake. Mwalimu anayezifundisha katika shule iliyopata msiba afanye hivyo kwa uangalifu, na asianze nazo katika majuma ya mwanzo.

Kwa sababu hiyo tunatoa hapa hadithi fupi iliyobuniwa kwa ajili ya kufundishia. Haimhusu mtu yeyote halisi.

Hadithi ya kusoma pamoja: Kompasi

Walikuwa wakikaa dawati la tatu, upande wa dirisha. Mmoja alijua hesabu, mwingine alijua kuchora, hivyo kazi zao za jiometria zilikuwa nzuri kuliko za darasa zima. Ijumaa moja yule wa hesabu akampa mwenzake kompasi yake, yenye kikopo cha bati. "Chukua," alisema. "Wewe unaipenda zaidi." Mwenzake akafurahi, akaitia mfukoni.

Jumatatu dawati lilikuwa na mtu mmoja.

Siku ya mazishi alibeba maji. Alibeba madumu mengi, kwa kuwa aliyebeba maji hakuulizwa kitu. Hata hivyo mzee mmoja alimwuliza, "Wewe si ndiye rafiki yake? Kwani hakukwambia?" Alitikisa kichwa. Tangu siku hiyo kompasi ikawa nzito mfukoni.

Tumbo lilimwuma. Alikwenda zahanati akapewa dawa. Akaenda tena, akapewa nyingine. Mara ya tatu alimkuta muuguzi mwingine, mama wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo hili lilianza lini?"

"Tangu tulipozika."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mlimzika nani?"

Akalitaja jina. Lilikuwa halijatoka kinywani mwake kwa majuma matano. Kisha yakatoka yote: Ijumaa, kikopo cha bati, swali la mzee. "Aliniaga, mama, nami nikafurahia zawadi."

"Siku ile ulijua kwamba umepewa kompasi," muuguzi alisema. "Maana yake umeijua baada ya kifo. Usiihukumu jana kwa ujuzi wa leo."

Alimwacha alie. Kisha akauliza kwa sauti ileile, "Je, umewahi kufikiri kumfuata?"

Kijana alitazama mlango. "Ndiyo, mama. Si kila siku."

"Na leo?"

"Leo hapana."

"Ahsante kwa kuniambia. Leo sitakuacha uende peke yako. Nani wa nyumbani tumwite?"

Alimtaja bibi yake. Bibi alikuja na kanga yake ya kanisani, akakaa, akaambiwa. Hakugomba. Alisema tu, "Kumbe ndiyo maana huli."

Siku ya kumaliza matanga bibi alimshika mkono, akampeleka kwa mama wa marehemu. Kijana akatoa kompasi ili airudishe. Yule mama akaitazama kwa muda mrefu, akaifunga tena katika kiganja cha kijana. "Kaa hapa," alisema, akisogea. Mkeka ulikuwa mdogo, lakini alikaa.

Hakupona siku hiyo. Alirudi zahanati Alhamisi iliyofuata, na Alhamisi nyingine baada yake.

Maswali ya mjadala

Soma hadithi hii na kikundi kisichozidi watu 10, katika lugha wanayoizoea, iwe Kiswahili, Kiiraqw au Kidatoga. Usimlazimishe mtu kuzungumza, na ujue mapema utampeleka wapi atakayezidiwa.

1. Kwa nini kijana alipenda kubeba maji?
2. Swali la mzee lilikuwa na nia mbaya? Angesema nini badala yake?
3. Muuguzi alifanya nini ambacho waliomtangulia hawakufanya?
4. Kuna tofauti gani kati ya "hukujua?" na "umewahi kufikiri kumfuata?"
5. Katika kijiji chetu, nani angeweza kusogea mkekani?

Tazama kwamba hadithi haisemi marehemu alikufaje wala kwa nini, na haimalizikii kaburini. Kiongozi wa kikundi afuate mpaka huohuo. Mjadala ukianza kuelekea njia ya kifo au kumtafuta mkosaji, aurudishe kwa aliyebaki.

Kwa mhudumu wa afya: uliza

Wahudumu wengi huogopa kwamba kuuliza juu ya kujiua ni kupanda wazo. Tafiti hazikuthibitisha hofu hiyo. Mara nyingi aliyeulizwa hupata nafuu. Mwone kijana faraghani, kisha uliza kwa mfuatano: Je, umewahi kuona afadhali usiwepo? Umefikiri kujiua? Umepanga namna au siku? Umewahi kujaribu?

Mwenye mpango, au aliyejaribu karibuni, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache. Mweleze kwamba usalama wake unakulazimu kumshirikisha mtu mzima mmoja anayemwamini, na umpe rufaa. Kabla hajarudi nyumbani, zungumza na familia juu ya vitu vya hatari. Katika maeneo ya kilimo na ufugaji, dawa za mashamba na za mifugo zifungiwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Hatua hii si ndogo. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Hamu ya kufa mara nyingi hupita, na kizuizi kidogo humpa mtu muda wa kuishi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kumfuatilia mtu mwenye hatari kila juma kwa miezi miwili ya mwanzo. Mpe kijana tarehe yenye jina la siku, si "urudi ukizidiwa". Huzuni kali inayoendelea zaidi ya miezi sita na kumzuia asisome, asile wala asishirikiane na wenzake huhitaji tathmini ya mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa kijana, familia na mwalimu

Kijana uliyefiwa, hukusababisha kifo hiki. Kujiua hutokana na mambo mengi yaliyoshikamana, na neno moja au ugomvi mmoja hauwezi kuwa maelezo yake yote. Unaruhusiwa kumpenda mwenzako na kumkasirikia. Unaruhusiwa pia kucheka siku moja bila kuwa msaliti.

Mzazi, usiseme "usimtaje tena". Mtaje wewe kwanza. Kaa naye jioni, mpe kazi mnayoifanya pamoja, na umwulize kuhusu rafiki yake jinsi alivyoishi.

Mwalimu, kwa ridhaa ya familia ya marehemu, liambie darasa ukweli kwa maneno machache. Ruhusu marafiki wa karibu wahudhurie mazishi. Liombeleze darasa kama mnavyofanya kwa kifo kingine chochote, wala msimfiche marehemu wala kumfanya shujaa. Na dawati lile lisiondolewe usiku. Waulize wanafunzi wenyewe wangependa lifanyweje.

Hitimisho

Aliyebaki anaweza kuwa mgonjwa wa kesho, hivyo kumtunza leo ni kinga. Kazi hiyo haihitaji mashine wala jengo jipya. Inahitaji mhudumu anayeuliza tumbo lilianza lini, mzee anayeuacha ulimi wa lawama, na mama anayesogea kidogo. Katika msiba ujao, kabla ya kumtuma kijana maji, mwulize kwanza marehemu alikuwa nani kwake. Akijibu "rafiki yangu", mpe pole, na mwonyeshe pa kukaa.